Kubana miguu au kuitanua? Ski zilivyobadilika na zilivyobadilisha namna ya kukata kona

Swali: Jambo, fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kike, naishi Kadutu hapa Bukavu, na mwaka huu nimepata nafasi ya kwenda kusoma Grenoble, Ufaransa. Mjomba wangu anaishi huko tangu miaka ya 1980, na ameahidi kunipa ski zake, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, za urefu wa mita 2.03. Anasema mtu anayejua ski anabainika kwa kitu kimoja: magoti na miguu vimebanana kama mguu mmoja. Lakini nikitazama mashindano kwenye televisheni, naona wameitanua miguu, na kwenye kona wanalala hadi nyonga inakaribia kugusa theluji. Ni nani yuko sahihi? Kilichobadilika ni ski au ni watu?

Jibu: Mdogo wangu, mjomba anakufundisha vizuri kwa ski alizojifunzia yeye, na hao wa televisheni wanafanya vizuri kwa ski walizovaa. Tofauti yao inatokana na milimita chache za umbo. Niliwahi kufanya kazi ya kutengeneza ski kwenye karakana moja ya milima ya Alps, upande wa Ufaransa, kabla ya kurudi Bukavu na kufungua karakana ya baiskeli hapa Nyawera. Kwa hiyo nitaanzia pale fundi anapoanzia, mezani.

Chukua ski ya zamani kama ya mjomba, uisimamishe kwa ubavu juu ya meza iliyonyooka. Itagusa meza sehemu mbili tu, karibu na ncha na karibu na mkia. Katikati, pale kiatu kinapofungwa, ski ni nyembamba zaidi, kwa hiyo unabaki uwazi kati ya ukingo na meza. Kwenye ski ya zamani uwazi huo ni milimita 7 hivi. Penseli inapita kwa kubanwa. Sasa fanya vilevile na ski ya leo ya slalomu, yaani mashindano ya kupita kati ya milingoti kwa kona fupifupi. Hapo kidole gumba kinapita, maana uwazi unakaribia milimita 20.

Huo uwazi ndio jibu la swali lako. Ukingo wa ski ni kipande cha duara. Ukiilaza ski ubavu kwenye theluji ngumu na kuikanyaga kwa uzito wako, inapinda mpaka kiuno chake, ile sehemu nyembamba ya katikati, nacho kiguse theluji, na ukingo mzima unakuwa upinde unaojiendea kwenye njia yake. Ukubwa wa duara hilo unapatikana kwa hesabu ya sekondari: chukua urefu wa sehemu inayogusa theluji, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara 8 ya uwazi. Kwa ski ya mjomba, tuseme sehemu inayogusa ni mita 1.8 na uwazi ni mita 0.007. Nusu kipenyo kinatoka karibu mita 58. Kwa ski ya slalomu ya leo, sehemu inayogusa ni kama mita 1.45 na uwazi mita 0.02. Unapata mita 13.

Mita 58 ni kona ya barabara kuu. Kwenye mteremko wenye watu, au kati ya milingoti ya slalomu, hakuna nafasi ya kona kama hiyo. Basi mtu wa enzi ya mjomba hakuweza kuiachia ski ikate kona yenyewe, alilazimika kuigeuza. Alijiinua kwa ghafla ili uzito uondoke kwenye theluji, akazungusha miguu yote miwili kwa pamoja wakati ski ni nyepesi, zikaserereka ubavu, halafu akashuka tena na kuzikanyaga ili kingo zishike. Ukizungusha ski mbili ndefu hivyo huku miguu iko mbali, kila moja inachora njia yake, na ncha zinakuja kupandana. Ukiibana, zote mbili zinazunguka kwenye mhimili mmoja. Kwa hiyo kubana miguu kulikuwa na sababu ya kifundi kabisa kabla ya kuwa urembo. Urembo ulikuja juu yake. Katika miaka ya 1950 Waaustria, wakiongozwa na Stefan Kruckenhauser, walifundisha mtindo wa kona fupifupi zilizofuatana, miguu imebanana na mabega yametulia yakitazama bondeni. Dunia nzima iliuiga, na mimi nasema wazi kwamba bado ni mzuri kuutazama.

Kiuno chenyewe si uvumbuzi wa juzi. Sondre Norheim wa Telemark, Norwei, alikuwa akichonga ski zenye kiuno katika karne ya 19. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni malighafi. Ukipanua ncha na mkia wa ski ya mbao, ukiilaza ubavu ncha inajisokota na kuachia theluji, na kiuno chako kinakuwa hakina faida. Kila hatua iliyofuata ilipunguza tatizo hilo kidogo. Rudolf Lettner wa Salzburg aliweka kingo za chuma katika miaka ya 1920. Mmarekani Howard Head akaleta ski za tabaka za aluminiamu mwaka 1950, na Mfaransa Jean Vuarnet akashinda dhahabu ya Olimpiki ya 1960 kwenye ski za chuma. Baadaye zikaja nyuzi za kioo. Viatu navyo visisahaulike. Kiatu cha ngozi kilipinda kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo ulilaza goti lakini ski ikabaki karibu bapa. Viatu vya plastiki, alivyovianzisha Bob Lange katika miaka ya 1960, vilifikisha mlazo wa mguu hadi kwenye ukingo. Bila kiatu hicho ski za leo zisingekuwa na maana.

Mageuzi yenyewe yalitoka Slovenia. Wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofic wa kiwanda cha Elan walitengeneza ski yenye kiuno kilichoingia ndani kuliko watu walivyozoea, na mwaka 1993 ikaingia sokoni kwa jina la SCX. Viwanda vingine vilifuata upesi. Mwaka 1996 kijana wa Kimarekani, Bode Miller, alivaa ski za K2 Four, zilizouzwa kwa watu wa kawaida na si kwa wanariadha, akawashinda wenzake kwenye mashindano ya vijana. Baada ya hapo hakuna kocha aliyeweza kusema kiuno ni kwa ajili ya wanaojifunza tu.

Urefu ukaporomoka. Ingemar Stenmark wa Uswidi, aliyeshinda mara 86 kwenye Kombe la Dunia la ski, alikimbia slalomu kwenye ski za zaidi ya mita 2. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ski za slalomu zilikuwa zimefupishwa kiasi kwamba shirikisho la kimataifa, FIS, liliweka urefu wa chini unaoruhusiwa. Leo ni sentimita 165 kwa wanaume na 155 kwa wanawake. Mikaela Shiffrin, aliyeipita rekodi ya Stenmark mwezi Machi 2023, amekulia kwenye ski hizo fupi zenye kiuno.

Sasa njoo kwenye ule ulalaji uliokushangaza. Umewaona motari wakiteremka kona za kuelekea Ruzizi: kadiri kona inavyobana na kasi inavyopanda, ndivyo motari anavyolaza pikipiki. Kwenye ski sheria ni hiyohiyo, isipokuwa kuna jambo moja zaidi: ukiilaza ski sana, duara lake linapungua tena. Chukua mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na tuache kando mwinamo wa mlima. Ski ya nusu kipenyo cha mita 13, ili ikate kona bila kuserereka, inakutaka ulale zaidi ya digrii 50, na kona inakuwa ya mita 8 hivi. Ski ya mjomba kwa mwendo uleule inakutaka ulale digrii 10 tu, na kona inabaki zaidi ya mita 57. Kwa hiyo kulala kule wanakofanya si mbwembwe. Duara la ski na kasi ndivyo vinavyowalaza.

Na nguvu inayokuja mguuni ni kubwa. Kwenye ile kona ya mita 8, mtu wa kilo 60 anabeba kama kilo 97. Ukiwa umebana miguu huwezi kulala hivyo, maana mguu wa ndani unakuzuia nyonga isishuke. Ndiyo sababu wanaiacha ikae upana wa nyonga na kukunja ule wa ndani, huku ule wa nje umenyooka na kubeba sehemu kubwa ya uzito. Ule mwendo wa kujiinua kabla ya kona umefifia pia. Badala yake watu huhamisha mwili kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine wakiwa wamekaa chini, mara nyingi kwa kukunja magoti.

Ukifika mlimani, angalia alama kwenye theluji. Aliyekata kona kwa ukingo anaacha mistari miwili myembamba, safi, ambayo haikutani. Aliyeserereka anaacha alama pana kama iliyofagiliwa kwa ufagio. Karakanani nasi tuliona tofauti hiyo kwenye chuma: ski za kuserereka zililika kingo chini ya kiatu, ilhali ski za kukata zilihitaji tupa kuanzia karibu na ncha hadi mkia.

Uliuliza kama kilichobadilika ni ski au watu. Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu safari ile umbo lilirudishwa nyuma na tukaona mbinu ikilifuata. Msimu wa 2012/13, FIS, ikitaka kupunguza majeraha, hasa ya magoti, iliongeza nusu kipenyo cha ski za slalomu kubwa (ile yenye kona pana zaidi) ya wanaume kutoka mita 27 hadi mita 35. Ya wanawake ilitoka mita 23 hadi 30. Ghafla wanariadha bora duniani wakaanza tena kuzungusha ski mwanzoni mwa kona kabla ya kuuma ukingo. Kitu cha enzi ya mjomba kilirudi kwa kipimo kidogo. Ted Ligety wa Marekani aliipinga kanuni hiyo hadharani, kisha akaimudu kuliko wote. Alianza kulaza ski mapema, kabla ya kuufikia mlingoti, akalala zaidi na kukaa kwenye ukingo kwa muda mrefu. Shindano la kwanza la msimu, huko Sölden, alimwacha wa pili kwa sekunde 2.75. Februari 2013 akachukua dhahabu 3 za ubingwa wa dunia Schladming. Mwaka 2017 kipimo cha wanaume kikashushwa hadi mita 30. Kwa mtu wa ufundi kama mimi, hiyo inatosha kuonyesha kwamba umbo ndilo linaloamuru, na akili ya mtu inatafuta njia ndani ya amri hiyo.

Lakini mambo mawili yamsaidie mjomba kutetea hoja yake. La kwanza ni mchezo wa kuteremka kwa ski juu ya matuta ya theluji, ulioingia Olimpiki mwaka 1992. Mtazame Mikaël Kingsbury wa Kanada akipita. Miguu imebanana, ski ni nyembamba na hazina kiuno kikubwa, na zinageuzwa kwa kuzungushwa, kwa sababu kati ya matuta hakuna nafasi ya duara lolote. Waamuzi hutoa asilimia 60 ya alama kwa ubora wa kona hizo. La pili ni theluji laini ya kina. Humo, kwa ski nyembamba, ulibana miguu ili moja isizame peke yake. Ski pana zimelegeza sharti hilo, na mtelezaji Shane McConkey alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2002 alitoa ski iitwayo Spatula, iliyo pana katikati na nyembamba mwishoni, ncha na mkia vikiwa vimeinuka, kwa kuiga ski za majini. Ilikuwa kinyume cha kila nililokueleza hapo juu, na ilielea vizuri, kwa sababu ndani ya theluji laini hakuna ukingo wa kuuma. Leo ski nyingi za kawaida zina ncha iliyoinuliwa kidogo kutokana na wazo hilo.

Kwa hiyo wewe ufanyeje? Ski za mita 2.03 usijifunzie. Zinadai kasi ambayo mwanafunzi hana. Zaidi ya hapo kuna suala la vifungo, ambavyo kazi yake ni kuachia kiatu unapoanguka ili mguu usivunjike. Vya miaka ya 1980 plastiki yake imezeeka, chemchemi haziaminiki, na karakana nyingi zitakataa kuvirekebisha. Mimi pia ningekataa. Mwombe mjomba azitundike ukutani, halafu akusindikize Chamrousse, mlima ulio juu ya Grenoble ambako Jean-Claude Killy alishinda dhahabu zake 3 mwaka 1968.

Ukifika, kodi ski zinazofika kati ya kidevu na pua yako, nusu kipenyo cha mita 12 hadi 14, upana wa kiuno milimita 70 na kitu. Nusu kipenyo huandikwa juu ya ski yenyewe, karibu na mkia au kifungo. Kiatu kikubane kisigino kisinyanyuke, hata kama dukani utaona kinabana mno. Usianze kwa kulala. Anza kwa kusimama na miguu upana wa nyonga, macho mbele, uzito kwenye ski ya nje, na ujifunze pia kuserereka kwa makusudi, maana ndivyo unavyopunguza mwendo njia ikijaa watu. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako kabla ya kukaza vifungo. Mtajie uzito wa kweli na umwambie wazi kwamba unaanza, kwa sababu namba atakayoiweka pale inatokana na majibu yako.