Kifuu kinanuka kuungua: je, ni vanishi au ni taa?

SWALI: Natengeneza taa za mezani za vifuu na ukili hapa Shela, Lamu. Ndani naweka taa za mapambo za vibalbu vidogo, zile za kuchomeka ukutani. Mnyororo ulikuwa na vibalbu 20; kwa vile kifuu ni kidogo, nilikata 5 nikaunga waya. Sasa ikiwaka kwa muda wa saa moja kifuu kinanuka kuungua. Nibadilishe vanishi?

JIBU: Usiiwashe tena, fundi. Vanishi haina kosa. Vibalbu vya aina hiyo hupangwa kwa kufuatana, na vyote 20 hugawana volti 240 za umeme wa nyumbani, kila kimoja volti 12. Ukibakisha 15, kila kimoja hubeba volti 16. Mwanga unapendeza zaidi, ndiyo maana mkato huo huwafurahisha wengi siku ya kwanza, lakini joto nalo limepanda na halina pa kutokea. Ukili ni miyaa mikavu. Haihitaji kubembelezwa ili ishike moto.

Hicho kiungo nacho kinanitisha. Kijisanduku cha kubadilisha mitindo ya kumetameta si transfoma ya kupunguza volti, kwa hiyo popote waya ulipo wazi pana umeme wa ukutani. Kwa hewa ya chumvi ya Lamu, gundi ya tepu huachia, shaba huota ukijani, na kiungo kilicholika hupata moto chenyewe. Usitegemee fyuzi ya plagi. Hata ukitoa ya ampea 13 (ya kahawia) ukaweka ya 3 (nyekundu), hiyo ya 3 hupitisha wati 720 bila kukatika, na haimkingi mtu na shoti.

Nunua taa za LED za waya mwembamba wa shaba, za volti 5, zenye plagi ya USB. Kama zinakuja na adapta, soma palipoandikwa "OUTPUT": pawe 5V. Mteja mgeni akiibeba hadi Marekani, kwenye volti 120, atachomeka kwenye chaja ya simu yake na itawaka.

Toboa kitako cha kifuu tundu la milimita 10, ili mnyororo utoke mzima siku ya matengenezo. Matundu ya mapambo milimita 3 au 4 yanatosha. Kisha piga msasa kingo zote, hasa kwa ndani, wala usifanye haraka hapa. Waya wa LED umekingwa kwa rangi nyembamba tu. Ukiuvuta kwenye ukingo mkali rangi inakwaruzika, nyaya mbili zinagusana, taa zinazima na adapta inachemka. Vanishi iachwe ikauke kabisa, siku mbili msimu wa mvua, kabla ya kuingiza chochote.

Funga fundo legevu kwa ndani kabla waya haujatoka, ili mtoto akivuta, nguvu iishie kwenye fundo. Inua kitako kwa vijiguu vitatu vya milimita 5 na uache tundu juu, hewa ipite. Kwa taa ya ukili mtupu, tia mnyororo kwanza ndani ya chupa tupu ya jemu.

Hizi LED nazo usizikate. Zimeungwa sambamba, yaani hazigawani volti kama vibalbu vile, lakini mara nyingi kizuizi cha mkondo ni kimoja kwa zote. Ukipunguza LED, zinazobaki hupata mkondo mwingi na kufa mapema. Waya ukizidi, ukunje kwa ulegevu, usiuvingirishe ukabana.

Kabla ya kuuza, iwashe kwa muda wa saa nne ukiwa karibu. Shika kifuu, kisha adapta: mkono usipovumilia sekunde 10, usiiuze.

Mteja akilalamika kwamba inazima yenyewe kwenye pawabenki, pengine taa haina ubaya: pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo mno. Muuzie yenye kisanduku cha betri tatu za AA, na umwambie azitoe akifunga nyumba kwa muda mrefu, maana zikivuja hula springi.