Usiache kazi ya duka bado, lakini riwaya yako andika

Ndugu yangu wa Ahero, umeuliza kama uache kazi ya duka la vifaa vya ujenzi ukae nyumbani umalize riwaya yako ya vyombo vya angani, na wengine hapa wamekujibu eti stori kama hizo ni za wazungu. Mimi niko Kisumu, naandika hadithi za aina hiyo, za sayansi ya kubuni, kadhaa zimeshalipwa na riwaya moja iko kwa mchapishaji, kwa hivyo wacha nikwambie vile naona.

Kazi usiache. Soma maisha ya Octavia Butler, mwandishi wa fani hii wa Marekani. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, na alimtakia binti kazi ya usekretari, lakini yeye akashika vibarua, kuosha vyombo, kuuza vitu kwa simu, kukagua krisps kiwandani, ndio akili ibaki yake, na saa nane usiku anaamka kuandika. Riwaya ya kwanza ikatoka 1976, tuzo ya Hugo, ile kubwa ya fani hii, ya kwanza akapata 1984 kwa hadithi fupi, halafu 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa sayansi ya kubuni kupewa ile pesa ya wakfu wa MacArthur, ya watu wenye vipaji. Piga hesabu hiyo miaka uone. Mimi niko zamu ya usiku kwa lodge moja Kondele, wageni wakishalala naandika kwa simu pale kaunta, kila ukurasa najitumia kwa imeli usipotee.

Anza na hadithi fupi. Kile chama cha waandishi wa fani hii Marekani, SFWA, kinahesabu senti 8 za dola kwa neno kuwa malipo ya kitaalamu, yaani hadithi ya maneno 3,000 ni dola 240, na huku kwetu Afrika lilianza jarida la Omenana la hadithi hizi mwaka 2014. Hao wanataka Kiingereza, mimi huandika kwa Kiswahili kwanza halafu najitafsiria. Mtu akikuitisha pesa ndio akuchapishe, kimbia. Na ukimaliza riwaya kwa Kiswahili, kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hata muswada ambao haujachapishwa wanapokea.

Sasa hii ya kusema ni mambo ya wazungu inaniuma kweli. Katama Mkangi, Mkenya, alitoa riwaya ya Walenisi 1995, mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwa chombo kinamrusha hadi nchi nyingine kabisa, na hicho ni Kiswahili kitupu. Halafu hapa tu Kendu Bay tuko na lile ziwa la Simbi Nyaima. Unajua ile hadithi, bibi kizee alifika usiku watu wakisherehekea wakamfukuza, mama mmoja tu akamkaribisha, mvua ikashuka kijiji chote kikazama likabaki ziwa. Nikaamua kwenye riwaya yangu hao watu bado wako chini ya maji wanaishi. Haya, wanapika na nini? Moto hakuna, na bila moto hakuna mhunzi, na bila mhunzi jembe lililozama nao siku ile halitengenezeki lingine, kwa hivyo mwenye jembe ndiye tajiri, watoto wake wanaolewa kwa masharti yake, na wezi wanachimba makaburi ya wazee waliozikwa na visu vyao. Hapo nilikuwa nimeuliza swali moja tu la jikoni na riwaya ikajileta yenyewe, na kila mtu wa Nyanza aliyeisoma alitaka kujua yule mama aliyemkaribisha bibi alienda wapi, yeye pekee hakuzama.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe bana, muujiza uwe mmoja lakini uufuate mpaka kwa sufuria na kwa mahari, msomaji akiamini sufuria ataamini na muujiza.

Weka hapa kurasa zako mbili za kwanza, na useme kwenye hicho chombo maji ya kunywa yanatoka wapi na nani anayagawa. Nitasoma usiku nikiwa kaunta.