Jibu: Kuwafundisha watoto kuchora miaka yao kama Walakota

Mwalimu mwenzangu, umeuliza jinsi watoto wa miaka 9 wanavyoweza kuweka kumbukumbu za maisha yao kwa kalenda ya picha ya Walakota, watu wa asili wa Marekani, somo lisije likaishia kwenye rangi na karatasi. Anza na kanuni yenyewe: mwaka huhesabiwa tangu theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza ifuatayo, nao hupewa picha moja ya tukio la kukumbukwa, iliyochaguliwa kwa kushauriana na wazee, ndiyo maana kalenda nyingi zinaonyesha nyota zikianguka (yaani mvua ya vimondo) katika majira ya baridi ya 1833. Basi mtoto naye aulize nyumbani kwanza. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuchora jino lililong'oka, bibi yake akakumbuka mafuriko. Walijadiliana, likabaki jino. Asiyetaka kuchora mwaka wa msiba asilazimishwe, na huzuni yake ikidumu, mpeleke kwa mshauri nasaha.