Liblouis ndani ya plagini ya LibreOffice: kwa nini Ubuntu inakubali na Windows inagoma

Mkuu, umesema plagini yako ya Writer inaita liblouis, maktaba ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu (braille), vizuri kwenye Ubuntu, ila kwenye laptopu za walimu zenye Windows inagoma, na pale ilipokubali mtihani ulitoka umekatika katikati. Hapa Dodoma nimetengeneza plagini ya aina hiyo hiyo kwa walimu wenye wanafunzi wasioona, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Tuanze na kugoma. Liblouis imeandikwa kwa C, na kwenye Windows unaibeba kama DLL, yaani faili la maktaba la Windows. Sasa plagini haiendeshwi na Python uliyoisakinisha mwenyewe. LibreOffice ya Windows inakuja na Python yake ndani, na hiyo ndiyo inayotakiwa kulingana na DLL. Laptopu kadhaa nilizofungua zilikuwa na Windows ya biti 64 lakini LibreOffice ya biti 32. Ukiipa DLL ya biti 64 unapata WinError 193 na hakuna maelezo zaidi. Weka DLL zote mbili ndani ya .oxt (faili la plagini yenyewe), halafu Python ijipime yenyewe: pointa (anwani ya kumbukumbu) ikiwa ya baiti 4 pakia ya biti 32, ikiwa 8 pakia nyingine. Wengine watakushauri umwambie mwalimu abadilishe LibreOffice. Jaribu uone utakavyopigiwa simu usiku.

Majedwali, yaani mafaili ya kanuni za kutafsiri kwenda nukta nundu, nayo yabebe folda nzima, usichomoe moja unalolitaka, kwa sababu jedwali moja huita mengine ndani yake. Kisha ionyeshe liblouis folda hiyo kwa kigeu cha mazingira LOUIS_TABLEPATH kabla ya kuita chochote.

Kukatika katikati ndiko kunakohitaji umakini, maana hakuna kosa linalotokea. lou_translateString, kazi inayotafsiri, inapokea inlen na outlen (urefu wa maandishi yanayoingia na wa nafasi ya yanayotoka) kama pointa, na ikimaliza inaviandika upya. Bafa ya kutolea (nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea matokeo) ikijaa, inatafsiri kinachoingia, inarudisha 1 kama vile kila kitu kimekwenda salama, na inlen inabaki na idadi ya herufi zilizotafsiriwa tu. Watu wengi wanaangalia ile 1 na kuendelea na safari. Linganisha inlen ya baada na ya kabla; zikitofautiana, ongeza bafa urudie. Na usitenge bafa yenye urefu sawa na maandishi. Kila namba inaongezewa alama yake mbele, kila herufi kubwa vilevile, na mtihani wa hesabu umejaa vyote viwili. Kiunganishi cha Python cha liblouis wenyewe hutenga mara kadhaa ya urefu wa maandishi, nawe fanya hivyo.

Kwenye bafa hiyo hiyo kuna upana wa herufi. Liblouis inaweza kujengwa kwa herufi za baiti 2 au 4, na ya Ubuntu yako si lazima ifanane na DLL uliyopakua. Usikisie: iulize lou_charSize, ndipo uchague UTF-16 au UTF-32. Ukikosea hapa unapata matokeo ya ajabu ambayo utamlaumu mwandishi wa jedwali bure.

Sasa Kiswahili chenyewe. Chapa "ng'ombe" kwenye Writer uone: alama ya king'ong'o inageuzwa kuwa ile iliyopinda, U+2019. Kama jedwali ulilochagua haliijui, liblouis inaitoa kama '\x2019' katikati ya neno, na mtoto anasoma takataka. Igeuze iwe ile iliyonyooka, U+0027, kabla ya kutafsiri. Jaribu pia "2b". Tarakimu za nukta nundu hutumia umbo lile lile la herufi a mpaka j, hivyo bila alama ya herufi katikati, swali la 2b linasomeka 22. Jedwali zuri linaiweka lenyewe, lakini hakikisha.

Tafsiri aya nzima kwa mkupuo mmoja, usipitishe neno moja moja, hasa ukitumia daraja la 2 lenye vifupisho. Na mistari ikatwe baada ya kutafsiri, kwa kuhesabu seli za printa yako. Liblouis haipangi kurasa, hiyo ni kazi yako.

Kuhusu jedwali la kuonyesha matokeo: kwenye skrini tumia unicode.dis ili uone nukta, kwa printa tumia en-us-brf.dis, ukiiweka mwanzoni mwa orodha ya majedwali. Ila macho yako yasiwe ndiyo hakimu. Mimi naweza kuhesabu nukta, kusoma sisomi, na kuna mambo msomaji anayashika kwa kidole mara moja. Kama uko huku kwetu, Buigiri pale Chamwino kuna shule ya msingi ya wasioona; omba ruhusa, peleka karatasi zilizochapwa, umsikilize mwalimu anayesoma mwenyewe.

Leseni ya liblouis isikutishe. Ni LGPL, leseni ya programu huria, unaweza kuibeba hata kama plagini yako haiko wazi, mradi DLL ibaki faili la peke yake ambalo mtumiaji anaweza kulibadilisha, na maandishi ya leseni uyaambatanishe.

Anza na lile la biti. Likigoma tena, weka hapa ujumbe wa kosa mzima, mpaka mstari wa mwisho, na toleo la LibreOffice.