Baridi ya Fargo: uogope upepo kwanza

Ukifika Fargo, Grand Forks au Sioux Falls, miji ya majimbo ya Dakota huko kaskazini mwa Marekani, mwezi wa tisa utakuta jua, nyasi mbichi na vijana wamevaa kaptula, na utasema waliokuonya walitia chumvi. Hawakutia. Februari 1936, huko Parshall katika jimbo la North Dakota, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za sentigredi chini ya sifuri. Julai ya mwaka huohuo mji wa Steele, jimbo lilelile, ukapanda hadi nyuzi 49 za joto. Upande wa kaskazini hakuna mlima wa kuikinga hewa ya Aktiki. Inateremka kupitia Kanada bila kugonga kitu. Bonde la Mto Red, ilipo Fargo, ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare kama mkeka. Upepo ukishaanza kukimbia hapo hauna pa kujikwaa.

Zoea namba zao mapema. Marekani hupima kwa farenhaiti: sifuri yao ni 18 chini ya sifuri yetu, na 20 chini ya sifuri yao ni 29 chini kwetu. Mizani hizo mbili hukutana kwenye 40 chini ya sifuri, na ikifika hapo hakuna anayeuliza ni kipimo gani.

Kisha jifunze kusoma namba ya pili ya hali ya hewa kwenye simu, ile inayosema mwili utahisi baridi kiasi gani. Ngozi yako huwa imezungukwa na tabaka jembamba la hewa vuguvugu ambalo mwili umelipasha wenyewe, na upepo hulipeperusha kila linapotengenezwa. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi tupu hupoa kana kwamba ni nyuzi 28 chini, na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Hewa ikiwa 29 chini na upepo wa kilomita 32 kwa saa, una dakika kama kumi tu. Hesabu hiyo ni ya ngozi. Gari na mabomba ya maji hupoa haraka zaidi kwenye upepo, lakini hayashuki chini ya joto la hewa yenyewe.

Dhoruba wanayoiita "blizzard" ina masharti yake: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji hewani inayozuia kuona zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi. Kuna sharti moja ambalo wageni hulidhani lipo na halipo, nalo ni theluji kuanguka. Mbingu inaweza kuwa ya buluu juu ya kichwa chako huku theluji ya juzi, kavu kama unga wa muhogo, ikiinuliwa kutoka mashambani na kupeperushwa. Mwanzo utaiona ikitambaa juu ya lami kama moshi, chini ya usawa wa taa za gari. Upepo ukiongezeka inapanda hadi kwenye kioo, na hapo mstari wa barabara unapotea, kisha gari la mbele yako linapotea.

Mji nao unadanganya. Nyumba na miti huvunja upepo, kwa hiyo ukiwa mtaani unaona shwari. Unatoka nyumba ya mwisho, unaingia barabara kuu ya I-29 au I-94, na kilomita ya kwanza tu huoni hata boneti yako. Usipime safari kwa kuchungulia dirishani. Piga 511, namba ya hali ya barabara inayofanya kazi North Dakota, South Dakota na Minnesota, na upige kila unapotaka kutoka nje ya mji. Geti la kufungia barabara kuu likishushwa, usitafute njia ya panya ya mashambani: njia hizo ndizo husafishwa mwisho, na ukikwama huko hapiti mtu.

Wala usiamini asubuhi yenye joto. Tarehe 12 Januari 1888 siku ilianza kwa upole katika eneo la Dakota na Nebraska, watoto wakaenda shule na makoti mepesi. Upepo wa kaskazini ukaja kwa ghafla, na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Leo utabiri upo, lakini mabadiliko ni yaleyale. Simu ikiandika "watch", jiandae: nunua chakula, jaza mafuta, mwambie msimamizi wako wa zamu mapema. Ikiandika "warning", dhoruba imefika au iko mlangoni.

Sasa gari, maana hapa ndipo pesa na uhai hupotea. Betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati huohuo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Betri ya miaka minne iliyokuwa ikiwasha vizuri mwezi wa kumi itakufa Januari, saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umechelewa zamu. Ipeleke ikapimwe kabla. Maduka mengi ya vipuri hupima bure.

Chungulia kwenye grili ya mbele kama kuna plagi inayoning'inia. Hiyo ni ya hita ya injini, kidude cha wati 400 hivi kwa gari dogo, kinachopasha maji ya injini usiku. Gari lililonunuliwa majimbo ya kusini mara nyingi halina. Fundi anaweza kuliwekea. Tumia waya mnene wa kuongezea umeme ulioandikwa kuwa ni wa nje, kwani waya mwembamba wa sebuleni hupata moto. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, kwa hiyo soketi yenye saa itakupunguzia bili. Ukishachomeka, inama usikilize: mara nyingi utasikia mchemko mdogo kama wa birika linaloanza kupata moto. Kukiwa kimya, angalia soketi kabla hujaenda kulala.

Kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kuganda, iwe nusu kwa nusu na maji. Mchanganyiko huo huhimili hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Gari lililotoka kwenye joto huenda limeongezwa maji ya bomba kila rejeta ilipopungua, na maji hayo yakiganda hupasua injini. Tairi hupoteza presha ya takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto linaloshuka, basi pima upya baridi inapoingia. Tangi lisishuke chini ya nusu. Na usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, kitapasuka mbele ya macho yako.

Ndani ya gari weka koleo, blanketi mbili, tochi, nyaya za kubusti betri, chakula kikavu, na kitambaa chekundu. Nimesema ndani, wala si kwenye buti la nyuma, maana buti huganda lisifunguke. Ukikwama, baki humo. Watu wamepotea hatua chache kutoka kwenye gari lao wakifuata taa waliyodhani wanaiona. Piga 911, namba ya dharura, funga kitambaa kwenye antena, kisha washa injini dakika 10 kila saa. Kabla ya kuwasha, kila mara, shuka ufukue ekzosi: ikizibwa na theluji, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani, haina harufu, na aliyelala haamki. Acha kioo wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Simu ikae kifuani karibu na mwili, baridi huizima hata ikiwa na chaji.

Gesi hiyohiyo ndiyo hatari ya nyumbani. Mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani ni pua ya hita ya nyumba. Dhoruba ikipita, yafukue kabla ya ngazi. Jiko la mkaa tulilokulia nalo lisiingie ndani hata umeme ukikatika, wala oveni ya gesi isitumike kupasha chumba. Usiku wa baridi kali fungua makabati yaliyo chini ya sinki na uache maji yadondoke kidogo kidogo, mabomba yasigande.

Mavazi ni jambo la tabaka: la ndani la sufu au poliesta, maana pamba hushika jasho na kukugandisha, la kati nene, la juu lisilopitisha upepo. Glavu za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, zina joto kuliko za vidole. Viatu vipwaye kidogo. Ukibana soksi mbili ndani ya kiatu cha saizi yako, damu haipiti na vidole vinaganda haraka kuliko kwa soksi moja. Wenye hereni za chuma, zivueni.

Kujua kama mwili umeanza kuganda, kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu ambao vipeperushi vingi huonyesha. Tazama rangi iliyofifia au ya kijivu kama majivu, ngozi ngumu iliyo kama nta. Ishara ya kweli zaidi ni ganzi: sikio lililokuwa likiuma likiacha kuuma ukiwa bado nje, ingia ndani. Usilisugue. Kidole kilichoganda kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko, kwa sababu mkono wenye ganzi hauwezi kujua kama unaungua, kisha nenda hospitali. Kama bado mnatakiwa kutembea nje na kidole kinaweza kuganda tena, msikiyeyushe kwanza. Kiacheni hivyohivyo mpaka mfike pa kukaa.