Riwaya ya Vita Iliyonikosesha Usingizi: Niimalize au Niiache?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa nikisoma The Poppy War ya R. F. Kuang, iliyotoka mwaka 2018. Nilivutiwa na Rin, yatima maskini aliyefaulu mtihani wa taifa na kuingia chuo cha kijeshi, nikadhani ni hadithi ya miungu na uchawi tu. Nilipofika kwenye mauaji ya mji wa Golyn Niis nilishindwa kuendelea, na usingizi ukaniruka. Mwandishi ana haki gani ya kubuni mateso ya namna hii? Na je, nimpe mdogo wangu wa miaka 14, ambaye amekuwa akiniomba kitabu hicho?
Msomaji wenu

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Mateso hayo, kwa sehemu kubwa, hayakubuniwa. Nikan, nchi ya Rin, ni ya kubuni, lakini Golyn Niis imechorwa kwa mfano wa Nanjing, uliokuwa mji mkuu wa China, ambao majeshi ya Japani yaliuteka tarehe 13 Desemba 1937, kisha kwa muda wa wiki sita hivi yakaua mateka na raia na kubaka wanawake kwa maelfu. Mahakama ya Tokyo iliyoketi baada ya vita ilikadiria kwamba waliouawa walizidi 200,000, na China yenyewe hutaja 300,000. Magazeti ya Japani ya wakati huo yaliandika, kana kwamba ni habari za michezo, juu ya maofisa wawili walioshindana nani atatangulia kuua watu 100 kwa upanga.

Ndiyo maana simlaumu Kuang. Tazama pia alivyosimulia: Rin na wenzake wanafika mauaji yakiwa yamekwisha, na aliyoyapata Venka, msichana aliyekuwa na majivuno chuoni, tunayasikia kwa kinywa chake mwenyewe, bila chuku.

Sura hiyo ikikuelemea, iruke bila kuona haya, lakini usiishie hapo. Sitakufichulia mwisho, itoshe kusema kwamba hasira uliyo nayo sasa ndiyo aliyo nayo Rin, na kurasa zilizobaki zinaonyesha anaielekeza kwa nani, wakiwemo watu wasiowahi kushika silaha. Ukifunga kitabu ulipofika, utakuwa umesikia nusu tu ya kesi, nami naona nusu ya pili ndiyo nzito zaidi.

Mdogo wako asubiri. Sehemu ya kwanza, yenye mitihani na walimu wakali, humfanya mtu adhani hiki ni kitabu cha vijana, ilhali kiliandikiwa watu wazima, na ndani yake mna matumizi ya kasumba, yaani afyuni, na majaribio juu ya miili ya binadamu. Mweleze wewe kwanza yaliyotokea Nanjing, kwa kiasi anachoweza kukibeba, ili siku atakapokisoma ajue anachokiendea.