Wasomaji Wanauliza: Kutabiri Mechi kwa Kujifurahisha

Ofisini tuko wanane, kila Ijumaa tunatabiri mechi za ligi kwa soda tu. Mimi hupenda kuandika 3-2 au 4-1, na kila wiki niko mkiani. Kuna namna ya kupiga hesabu badala ya kubahatisha?
*Msomaji, Morogoro*

Ipo. Tafuta takwimu za ligi zinazotenganisha nyumbani na ugenini, maana timu nyingi ni simba kwao na paka wakisafiri. Unahitaji namba nne: mabao ambayo mwenyeji amefunga na kufungwa akiwa nyumbani, na yale ambayo mgeni amefunga na kufungwa akiwa ugenini.

Tuseme mwenyeji amefunga 16 katika mechi 10 za nyumbani (1.6), na mgeni amefungwa 14 katika 10 za ugenini (1.4). Jumlisha, gawanya kwa mbili: mwenyeji anatarajiwa mabao 1.5. Upande wa pili, mgeni amefunga 9 ugenini (0.9), mwenyeji kafungwa 11 kwake (1.1): mgeni anatarajiwa bao 1.0.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona 1.5 wanaandika 2, kisha 2-1, basi. Wastani haujakwambia tokeo lipi lina nafasi kubwa. Fungua Excel kwenye simu, andika =POISSON.DIST(0,1.5,FALSE), upate nafasi ya mwenyeji kutofunga kabisa. Badili ile 0 ya mwanzo iwe 1, 2, hadi 5. Rudia kwa mgeni ukiweka 1.0 mahali pa 1.5. Mwenyeji atakupa 22% kwa sifuri, 33% kwa bao moja, 25% kwa mawili, 13% kwa matatu. Mgeni: 37, 37, 18 na 6. Sasa zidisha ya mwenyeji kwa ya mgeni. 1-0 inatoka 12%, 1-1 nayo 12%, 2-0 na 2-1 kila moja 9%, 0-0 ni 8%. Ile 3-2 yako ina 2%. Ndiyo maana unalipa soda.

Hesabu hii huharibika kwa sababu chache zinazojulikana. Mechi zikiwa chini ya sita hivi, namba hazijatulia. Kipigo kimoja cha 6-0 huvuruga wastani wa msimu mzima. Sisi hukihesabu kama 4-0. Na jedwali halijui kwamba kipa namba moja ana kadi nyekundu, au kwamba mgeni ametua juzi usiku kutoka mechi ya CAF (mashindano ya Afrika). Kwa mambo hayo punguza au ongeza 0.2 kwenye mabao yanayotarajiwa, si zaidi, la sivyo unarudi kwenye ushabiki.

Kundi letu la WhatsApp linagombana kuhusu pointi. Mwenzetu anadai 1-1 akikuta 2-2 apewe sawa na aliyepatia. Tupangeje?
*Msomaji, Mombasa*

Tokeo kamili pointi 3, kupatia mshindi au sare bila idadi ya mabao pointi 1. Huyo mwenzenu ana moja.

Kwa mpango huo, tazama tena mfano wa juu: 1-0 na 1-1 zina nafasi ileile, lakini mwenyeji kushinda kwa bao lolote ni karibu 49%, sare zote kwa pamoja 26%. Anayeandika 1-0 anategemea wastani wa pointi 0.73, wa 1-1 anategemea 0.51. Kwa hiyo amua kwanza nani anashinda, ndipo uchague bao.

Andikeni pia kanuni kabla ugomvi haujaanza: utabiri unafungwa dakika 5 kabla ya filimbi, na ujumbe uliohaririwa baada ya hapo haumo, zinahesabiwa dakika 90 na za nyongeza ya majeruhi, si muda wa ziada wala penalti, mechi iliyoahirishwa inafutwa. Pointi zikilingana, mwenye matokeo kamili mengi yuko juu.

Na hesabu hizi nikizipeleka kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja?
*Msomaji, Mwanza*

Kampuni ya kubeti ina jedwali bora kuliko lako. Ikikupa odi 1.90 (unarudishiwa 1.90 kwa kila shilingi 1 ukishinda) kwa kila upande wa dau lenye pande mbili, gawanya 1 kwa 1.90 mara mbili, ujumlishe: unapata karibu 105%. Hiyo 5 ni ya mwenye duka. Mechi nne za nafasi 50% kwenye mkeka mmoja zinabaki na 6%. Bakini na soda.

Simba na Yanga je? Naangalia matokeo yao ya nyuma lakini hayanisaidii.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hayawezi kukusaidia sana. Kwenye ligi wanakutana mara mbili kwa msimu, hivyo mechi 10 ni misimu mitano, na wachezaji wengi wa mwanzo wameshaondoka. Tumia fomu ya msimu huu, na wakicheza kwa Mkapa, uwanja wa Dar ambao wote wameuzoea, usimpe mtu faida ya nyumbani. 5-1 ya Yanga ya Novemba 2023 na 6-0 ya Simba ya mwaka 1977 zinasimuliwa hadi leo kwa sababu ni adimu.

Pweza Paul wa Ujerumani, yule aliyekuwa akitabiri washindi wa mechi, alipatia vipi zote?
*Msomaji, Tanga*

Kombe la Dunia 2010 alipatia 8 kati ya 8, zikiwemo Ujerumani kufungwa na Serbia na Hispania. Alichagua kati ya masanduku mawili tu ya chakula, kila moja na bendera ya timu, sare haikuwepo, hivyo kwa bahati tupu ni nafasi 1 kati ya 256. Wanyama waliotabirishwa walikuwa wengi, waliokosea hawakutangazwa. Euro 2008 Paul huyohuyo alipatia 4 kati ya 6.

Kwa kundi lenu, badala ya pweza (huku kwetu asingemaliza makundi kabla ya kuingia kwenye supu) ongezeni mshiriki wa bandia anayeandika 1-0 kwa mwenyeji kila mechi. Mpeni jina, mumhesabie pointi, na mwisho wa msimu muone wangapi wako chini yake.